Talaka ya sheikh, ndoa ya pili na faili la grini kadi: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kujifunzia. Mke na mume waliomo si watu fulani, lakini sheria, tarehe za mwisho na ada ni zile zile zinazowakuta wanandoa wa Tanzania bara wanaoomba ukazi wa kudumu (grini kadi) na uraia wa Marekani. Ni kisa cha mwaka 2016 hadi 2023. Anayeanza leo atazame kwanza vizuizi vya viza vilivyotangazwa Desemba 2025, kwa kuwa Tanzania imo kwenye orodha.

Mke ni mzaliwa wa Tanga. Aliolewa kwa ndoa ya Kiislamu mwaka 2009, akapata mtoto wa kiume mwaka 2010, akaachika mwaka 2013. Mume alitamka talaka mbele ya mashahidi, sheikh akaiandika, saini zikatiwa, eda ikakaliwa ikaisha. Mtaani hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ndoa ile imevunjika. Machi 2016 akaolewa tena kwa nikahi, na Mtanzania wa kuzaliwa aliyekwisha kuchukua uraia wa Marekani. Juni mwaka huo mume akapeleka fomu I-130, yaani ombi la raia la kumleta mwenzi wake, kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, akalipa dola 420. Ombi likakubaliwa mwaka 2017, faili likapita kituo cha kitaifa cha viza (dola 325 za viza na 120 za kukagua udhamini), mke akaitwa ubalozini kwenye mahojiano.

Ofisa alitaka kuona hukumu ya mahakama iliyovunja ndoa ya kwanza. Mke alikuwa na karatasi ya sheikh tu. Akatoka na barua ya kifungu 221(g), yaani viza imezuiliwa mpaka upungufu urekebishwe.

Wanandoa waliichukulia barua ile kama ombi la kuongeza hati moja. Wakapanga kwenda mahakamani, kupata karatasi, kuirudisha ubalozini na kuendelea. Hapo ndipo wengi wanapopoteza mwaka au miaka miwili, kwa sababu shida iliyokuwa mbele yao haikuwa ya hati. Ndoa ya Machi 2016 yenyewe ilikuwa batili.

Uhamiaji wa Marekani hauna kipimo chake wenyewe cha talaka ya nje. Unauliza kama talaka hiyo inatambuliwa na sheria ya mahali ilipotolewa. Kwa Tanzania bara jibu limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 12 kinasema ndoa inaendelea kuwapo mpaka imalizwe na kifo, na amri ya mahakama ya kudhania kifo, ya kubatilisha au ya talaka, au na talaka ya nje ya mahakama iliyotolewa nje ya Tanzania na kutambuliwa nchini. Talaka iliyotamkwa Tanga na kuandikwa na sheikh haimo. Kidini walikuwa wameachana. Kisheria alikuwa bado mke wa mtu. Na sheria hiyo hiyo inamkataza mwanamke mwenye ndoa kufunga nyingine. Akiifunga, ya pili ni batili tangu siku ilipofungwa.

Mipaka ya jambo hili izingatiwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar, ambako Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kisheria juu ya ndoa na talaka za Waislamu. Kenya nayo ina Mahakama za Kadhi zilizowekwa na Katiba. Aliyepewa talaka na Kadhi wa Mombasa ana hukumu ya mahakama. Aliyeandikiwa talaka na sheikh wa Tanga ana ushahidi wa talaka ya kidini. Karatasi hizo mbili zinaweza kufanana kwa sura, muhuri na lugha, na wanaozichanganya mara nyingi hata si waombaji, ni wafasiri. Katika kisa hiki mfasiri aliipa karatasi ya sheikh jina la Kiingereza linalotumika kwa hati za mahakama. Inawezekana kabisa kwamba ndiyo sababu ombi la kwanza lilipita bila swali. Kupita huko hakukuwa na faida yoyote, kwa kuwa kila hatua inayofuata hukagua upya iliyotangulia, na kosa lililopita I-130 huweza kuibuka ubalozini, kwenye I-751 (fomu ya kuondoa masharti ya ukazi) au siku ya mahojiano ya uraia. Likiibuka siku ya uraia ni baya zaidi: mtu hukuta ukazi wake wa miaka kadhaa unahojiwa kama ulipatikana kihalali.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili ya kufanya, na mpangilio wake ulikuwa lazima: kwanza kuvunja ndoa ya 2009 mahakamani, kisha kufunga ndoa mpya na mume wa sasa. Kupata talaka ya mahakama bila kufunga ndoa upya kusingesaidia kitu. Talaka ya mahakama huvunja ndoa tangu siku inapotolewa. Hairudi nyuma kuihalalisha nikahi ya Machi 2016. Wapo wanaoshauriwa waiombe mahakama iandike kwamba talaka ihesabiwe tangu 2013. Kwa kawaida maofisa wa uhamiaji hawaikubali hukumu iliyorudishwa nyuma ili kuokoa ndoa iliyokuwa batili, na kuiomba ni kupoteza miezi.

Mahakamani

Shauri la talaka halipokelewi kabla ya kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa na kupata cheti kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Watu huona ni kichekesho kupelekwa kusuluhishwa na mtu mliyeachana naye miaka mitano, lakini bila cheti hicho shauri hutupwa. Mke alikuwa Tanga, mume wa kwanza alikuwa Tanga, na hawakuwa na ugomvi. Baraza liliwaita, likawasikiliza, likaandika cheti.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kifungu cha 107(3), kinachohusu ndoa za Kiislamu: baraza likishashindwa, kisha mmoja wao akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama hulithibitisha na kutoa talaka. Tazama mfuatano wake: talaka inatamkwa baada ya cheti cha baraza. Talaka ya 2013 ilitangulia baraza kwa miaka mitano, hivyo peke yake haikutosha. Ya pili ni kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi ni miongoni mwa ushahidi unaokubalika. Shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa njia hii ya pili, karatasi ya sheikh ikiwa kielelezo cha lini hasa walitengana. Karatasi iliyokataliwa ubalozini ikawa na kazi nzuri mahakamani.

Ombi lilibeba jambo jingine ambalo lingesahaulika kwa urahisi: malezi ya mtoto. Wazazi walikuwa wamekubaliana kwa maneno kwamba mtoto anakaa na mama. Mahakama ikaandika kwamba malezi ni ya mama na kwamba baba ameridhia mtoto asafiri na kuishi naye nje ya nchi. Aya ile ilitumika mara mbili baadaye, na mara ya pili ilikuwa na uzito kuliko mtu angeweza kukisia siku ile.

Hukumu ilitoka Februari 2018. Zikachukuliwa nakala tatu zilizothibitishwa na mahakama, wakasubiri siku 45 za rufaa zipite, ndipo ndoa mpya ikatangazwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa siku 21 zinazotakiwa na kufungwa 12 Mei 2018. Wangeweza kufunga nikahi ya pili, sheria inaruhusu. Walichagua ndoa ya kiserikali ya mke mmoja kwa sababu iliyo wazi: kifungu cha 10 cha Sheria ya Ndoa huidhania ndoa ya Kiislamu kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Marekani haimkatai mtu kwa ndoa inayoweza kuwa ya wake wengi ikiwa mke ni mmoja tu, ila humkataa anayekusudia kuishi na wake wengi huko, na cheti cha ndoa ya mke mmoja huondoa swali hilo kabla halijaulizwa.

Faili jipya

Ombi la 2016 liliondolewa kwa barua ya mume. Angeweza kuliacha lirudishwe na kufutwa, lakini kufutwa huacha maandishi ya tuhuma ndani ya faili, ilhali barua ya kuondoa, yenye aya mbili zinazoeleza kasoro na namna ilivyorekebishwa, huacha maelezo ya mwombaji mwenyewe. Ada ya dola 420 haikurudishwa, huwa hairudi.

Juni 2018 zikaenda I-130 mbili, kila moja dola 535. Mbili, kwa kuwa mwenzi wa raia wa Marekani huingia kama ndugu wa karibu, na katika kundi hilo mtoto hapandi kwenye ombi la mama yake. Familia nyingi hugundua hili wakati mama ameshapata tarehe ya mahojiano na mtoto hana hata namba ya faili. Mtoto wa kambo anakubalika iwapo ndoa ya mzazi wake na raia ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18, nayo iwe ndoa halali. Mtoto alikuwa na miaka 8, hivyo palikuwa na nafasi. Angekuwa na miaka 17 mwaka 2016, kosa la karatasi ya sheikh lingemfungia njia ya baba wa kambo moja kwa moja.

Kilichowaokoa katika faili la pili ni kwamba katika la kwanza hawakuficha kitu. Ndoa ya 2009 ilitajwa, talaka ilitajwa, karatasi iliambatishwa. Walikosea sheria, hawakusema uongo. Tofauti hiyo ni kubwa mno: mwenye kuficha ndoa ya awali ili apate viza huangukia kifungu cha udanganyifu, ambacho humzuia maisha yake yote asipopewa msamaha maalumu. Kila mshauri wa kijiweni anayesema "usiitaje ile ndoa, haina cheti" anamsukuma mwenzake shimoni.

Tafsiri safari hii ilifanywa upya yote. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, na kila hati isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili, mihuri na maandishi ya pembeni yakiwamo, pamoja na tamko la mfasiri lenye saini kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Muhuri wa wakili si lazima. Karatasi ya sheikh iliitwa kwa jina lake: maandishi ya talaka ya kidini.

Udhamini, yaani ahadi ya mume ya kuwatunza wanaokuja, fomu I-864, haukuwa na shida. Kaya ilikuwa ya watu watatu, na asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha 2019 ilikuwa dola 26,662 kwa mwaka. Mume alipata zaidi ya hapo. Anayesaini fomu hiyo ajue tu kwamba talaka haimwondolei wajibu. Wajibu hubaki mpaka mke awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, ambazo kwa kawaida ni miaka kumi, au aondoke na kuacha ukazi wake, au mmoja wao afariki.

Viza zilitoka Septemba 2019, na mama na mtoto wakaingia Marekani tarehe 3 Oktoba.

Hapa bei ya kosa la mwanzo ikaonekana. Anayeingia wakati ndoa yake haijatimiza miaka miwili hupewa ukazi wa masharti wa miaka miwili, daraja la CR1. Ikitimiza, hupata kadi ya miaka kumi, IR1, na hadaiwi tena ushahidi wa ndoa. Kwa hesabu ya familia walikuwa wameoana miaka mitatu na nusu. Kwa hesabu ya sheria ilikuwa miezi kumi na sita na siku chache. Kinachohesabiwa ni siku ya kuingia, si ya kutolewa viza, na wengine huchelewesha safari kwa wiki chache ili kuvuka mstari. Hawa wasingeweza: miaka miwili ilikuwa inatimia 12 Mei 2020, na viza ya uhamiaji hudumu miezi sita kwa kawaida, pengine pungufu kwa sababu ya tarehe ya kipimo cha afya.

Kuondoa masharti

Fomu I-751 hupelekwa ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Kadi ikiisha 3 Oktoba 2021, dirisha hufunguka 5 Julai. Ikifika mapema hurudishwa. Ikichelewa bila sababu nzuri, ukazi humalizika kwa nguvu ya sheria. Mtoto aliyeingia siku moja na mama, au ndani ya siku 90, huandikwa kwenye fomu ile ile. Ada ilikuwa dola 595 na 85 za alama za vidole kwa kila mtu. Tangu 1 Aprili 2024 ni dola 750.

Udhaifu wa mafungu mengi ya I-751 ni ushahidi wa miezi miwili ya mwisho: akaunti ya pamoja iliyofunguliwa Juni, mkataba wa nyumba wa Julai, picha arobaini za sherehe moja. Ofisa anataka kuona miaka miwili yote. Fungu la hawa lilikuwa na ripoti za kodi za 2019 na 2020 kutoka mamlaka ya kodi, zinazoonyesha wamejaza pamoja. Taarifa za benki za kila robo mwaka ambamo mishahara inaingia na kodi ya nyumba inatoka. Bima ya afya inayowataja wote watatu. Mikataba miwili ya nyumba mfululizo. Na fomu za shule ya mtoto ambamo baba wa kambo ndiye wa kupigiwa simu dharura ikitokea. Hizo za shule ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna anayezijaza akifikiria uhamiaji.

Miaka ya kodi ya 2016 na 2017 ilihitaji uangalifu. Mume alijaza kama mwenye ndoa, wakati kisheria hakuwa na ndoa. Ripoti hizo zilirekebishwa na mhasibu kabla ya ombi la uraia, kwani fomu ya uraia huuliza habari za kodi na majibu hulinganishwa na faili.

Uraia

Mwenzi wa raia anaweza kuomba uraia akiwa na miaka mitatu ya ukazi wa kudumu badala ya mitano, mradi katika miaka hiyo mitatu anaishi na mwenzi yule yule, naye amekuwa raia muda wote huo. Anatakiwa awe amekuwapo Marekani kwa miezi 18, na asiwe amekaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, la sivyo ofisa atadhani ukazi umekatika na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni ya mwombaji. Miaka ya ukazi wa masharti inahesabiwa. Miaka mitatu ilitimia 3 Oktoba 2022, na fomu N-400 hupokelewa siku 90 kabla, hivyo ilipelekwa wiki ya pili ya Julai 2022 kwa dola 725. Sasa ni dola 710 mtandaoni na 760 kwa karatasi.

I-751 ilikuwa bado haijajibiwa. Hilo halizuii kuomba uraia, ila uraia hauwezi kukubaliwa kabla I-751 haijaamuliwa, na mara nyingi ofisa huyaunganisha mahojiano. Mume asikose siku hiyo.

Swali gumu lilikuwa jepesi kwa sura: mlioana lini? Mke kwa moyo wake angejibu Machi 2016. Faili la sasa linasema Mei 2018. Kwenye N-400 sehemu ya ndoa zilizopita iliandikwa 2009 na mume wa kwanza, kisha Machi 2016 na mume huyu huyu, batili kwa sababu ya ndoa iliyokuwapo, na karatasi ya maelezo ikaambatishwa pamoja na hukumu. Ofisa alipouliza, mke alitaja tarehe zote mbili na sababu, kwa sentensi tatu. Jibu fupi lililoandaliwa hivi huonekana la kweli kwa sababu linaoana na kila kilichomo kwenye faili tangu 2016. Mtihani wa uraia wakati ule ulikuwa maswali hadi 10, sita sahihi. Wanaopeleka ombi tangu 20 Oktoba 2025 huulizwa hadi 20 na hutakiwa 12.

Mama alikula kiapo Aprili 2023. Mtoto, akiwa na miaka 12, akawa raia siku hiyo hiyo bila fomu ya kuomba, kwa sheria ya mwaka 2000 inayompa uraia mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukazi wa kudumu, anayeishi na mzazi raia mwenye malezi yake kisheria na kivitendo. Uraia wa baba wa kambo haukuwa umemsaidia kwa hili, kwa kuwa mtoto wa kambo asiyeasiliwa haingii kwenye sheria hiyo. Ilibidi mama mwenyewe awe raia, na malezi yathibitishwe. Aya ya Mahakama ya Mwanzo ilitosha kuombea pasipoti.

Limebaki la nyumbani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kubaki raia wake baada ya kuchukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, tofauti na Kenya, iliyofungua mlango huo kwa Katiba ya 2010. Wakati ule asiye raia pia hakuweza kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Mke alikuwa na fungu la urithi katika shamba la michungwa Muheza. Kwa kuwa kubaki na grini kadi tu kulikuwa chaguo halali kabisa, jambo hili lilipimwa miezi kadhaa kabla ya N-400 kupelekwa, na uamuzi ukawa kuhamishia fungu lile kwa dada yake, kwa maandishi na usajili kamili, wakati angali raia wa Tanzania na saini yake juu ya ardhi ile bado ina nguvu.